Mtumba: Jina Lililobaki, Mzigo Uliobadilika



Kila anayejifunza Kiswahili hukutana mapema na kivumishi -pya, akafundishwa kukipatanisha na ngeli: kitabu kipya, jembe jipya, miti mipya, nguo mpya, mahali papya. Somo hilo ni jepesi. Lililo gumu ni swali linalokungoja sokoni: je, kitu huacha lini kuwa kipya? Leo nakualika tulitafutie jibu katika historia ya neno moja, mtumba, tukianzia ufuko wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac.

Katika karne ya 19, nguo iliyofika ufukoni hapa kutoka mbali ilikuwa mpya kabisa. Mashuhuri kati ya nguo hizo ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho jina lake linataja nchi kilikofumwa, yaani Marekani. Pamoja nayo ilikuja kaniki, nguo nyeusi au ya buluu iliyoiva, kutoka Bara Hindi. Nguo ilipimwa kwa mikono: mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zikafanya doti. Kitambaa kizima kilichokunjwa kiliitwa jora. Majora yalifungwa pamoja kwa kamba, yakakazwa sana, yakawa mzigo wa mpagazi mmoja. Mzigo huo ndio ulioitwa mtumba.

Mitumba ilisafiri mabegani kutoka pwani, ikapitia Tabora, ikafika Ujiji. Kutoka huko mitumbwi iliendelea na safari kuelekea kaskazini. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, kisha wakasafiri kwa mitumbwi hadi Uvira, nguo na shanga ndizo zilizokuwa fedha zao. Basi kumbuka jambo hili, maana ndilo msingi wa somo letu: wakati ule mtumba haukuwa na uhusiano wowote na uchakavu. Neno lilitaja namna ya kufunga, wala halikutaja umri wa kilichofungwa.

Kiswahili nacho kilifuata njia hiyo ya maji. Wafanyabiashara wa Ujiji, akiwemo Muhammad bin Khalfan aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, walijaribu kupenya hadi milimani, lakini majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yaliwazuia. Hii ni mojawapo ya sababu zilizofanya Kiswahili cha Burundi kiote mizizi ufukoni kabla ya kufika bara. Kule milimani watu walivaa ngozi na nguo za magome ya miti yaliyopondwa. Magome hayo yaliitwa impuzu. Leo, katika Kirundi, impuzu ni nguo yoyote, hata iwe imeshonwa kiwandani. Unaona, msomaji: kitu kimeondoka, jina limebaki, nalo limepewa kazi mpya.

Mtumba nao ulipatwa na hali hiyohiyo. Nguo zilizokwisha valiwa Ulaya na Marekani zilipoanza kumiminika Afrika ya Mashariki, zilikuja zimebanwa katika marobota makubwa. Nchini Tanzania mlango wake ulifunguka hasa katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa masharti. Watu walipoliona robota, walikumbuka neno walilokuwa nalo. Safari hii, hata hivyo, jina la kifungashio liliwahamia waliofungwa ndani yake: nguo moja ikaitwa mtumba, hata baada ya kutolewa, kufuliwa, kupigwa pasi na kutundikwa.

Lugha nyingine zilitazama mahali pengine. Waingereza huhesabu mikono: kitu kilichotumika kwao ni cha mkono wa pili. Kwa kitu kipya kabisa wanalo neno lenye asili katika moto, kana kwamba chuma kimetoka sasa hivi kwa mhunzi. Wafaransa wana maneno mawili yenye faida: moja kwa kitu ambacho hakijatumika kamwe, na jingine kwa kilicho kipya kwa mwenyewe tu. Nchini Rwanda nguo hizi huitwa caguwa, neno lililotokana na chagua ya Kiswahili, kwa kuwa mnunuzi huinama juu ya rundo akachagua. Na nchini Ghana huitwa nguo za mzungu aliyekufa, maana nani aliye hai angezitupa nguo nzuri namna ile?

Sasa tazama ngazi zetu wenyewe. Juu kabisa pana nguo mpya. Kisha pana mtumba, ambao waweza kuwa mzuri hata usiutofautishe na mpya. Chini yake pana nguo kuukuu, iliyotumika sana, na mwisho nguo chakavu, ambayo matumizi yameila. Usiseme “nguo mzee”, kwa sababu -zee ni sifa ya viumbe hai. Mfanyabiashara akiita mtumba kuukuu, amejiharibia soko. Akiuita mpya, amemdanganya mnunuzi.

Majina haya yana uzito hata mbele ya serikali. Katika orodha ya forodha inayotumiwa duniani, nguo huhesabiwa kuwa zilizovaliwa kwa masharti mawili: zionyeshe dalili wazi za kuvaliwa, na zije zimerundikwa bila mpangilio au katika marobota, magunia au vifungashio vya namna hiyo. Angalia jinsi sheria inavyokubaliana na wapagazi wa zamani: namna ya kufunga ni sehemu ya jina.

Mwezi wa Machi 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili kuvipa nafasi viwanda vya nguo vya nchi zao. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia Rwanda nafuu ya kuingiza nguo zake huko bila ushuru. Nchi nyingine zilikuwa zimekwisha rudi nyuma. Kumbe neno tunalolitamka tukiwa tumeshika shati mkononi laweza kuzitikisa serikali.

Raia afanye nini? Wahenga walisema, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kamba iliyotumika yaweza kukushikia mtumbwi pale ukambaa mpya unapokatika. Basi upya si sifa pekee, wala mtumba si aibu. Aibu ni kuuza kimoja kwa jina la kingine. Anayenunua ana haki ya kuuliza, na anayeuza ana wajibu wa kujibu kwa neno lililo sahihi.

Zoezi: chagua vitu vitano vya nyumbani kwenu. Kwa kila kimoja andika sentensi moja ukitumia mpya, mtumba, kuukuu au chakavu, kisha eleza kwa nini hukutumia neno jingine.