Kurudi Sehemu ya Kwanza: Sailor Moon, Mgeuko na Watazamaji wa Karatu

Wahakiki wengi wa katuni za Kijapani humchukulia mtazamaji kuwa mtu wa kutazama mara moja. Huanza sehemu ya kwanza, hufika ya mwisho, kisha mhakiki huuliza hadithi imemwachia nini. Swali hilo lilimfaa mtoto wa Tokyo wa mwaka 1992, aliyengoja Jumamosi jioni ili TV Asahi irushe sehemu mpya ya Sailor Moon. Halimfai msichana wa Karatu, kaskazini mwa Tanzania, aliyeipata sizoni nzima kwa mpigo, ikarushwa kwenye memori kadi na kijana wa dukani, naye akaitazama hadi akajua nani atalia na lini. Makala haya yanadai kwamba katika utanzu wa mabinti wa miujiza, kurudia kutazama hubadili maana ya hadithi yenyewe, na kwamba mabadiliko hayo yanaonekana vizuri zaidi mtu akiwa Karatu au Ngorongoro kuliko akiwa Tokyo.

Utanzu wenyewe ni mkongwe. Kampuni ya Toei ilianza kurusha Mahōtsukai Sally Desemba 1966, wakati Wajapani tayari wakiitazama Bewitched ya Wamarekani. Mwaka 1969 akaja Akko-chan na kioo chake, na mwaka 1973 Cutie Honey akaongeza mapigano. Naoko Takeuchi, aliyekuwa akichora katika jarida la Nakayoshi, aliyachukua hayo yote akayapa kikosi cha wasichana watano. Katuni iliyotokana na kazi yake ilianza tarehe 7 Machi 1992 na kuisha Februari 1997, ikiwa na sehemu 200.

Kinachoushikilia utanzu huu ni mgeuko. Usagi Tsukino ana miaka 14, analia ovyo, anachelewa shule, na karatasi zake za mtihani ni za kufichwa mama asizione. Paka anayeitwa Luna amempa bruchi. Adui akitokea, Usagi anatamka maneno yake, na hapo mtaa unatoweka, zinabaki rangi zinazozunguka. Riboni zinatoka kwenye bruchi, zinamzingira mwilini, zinageuka vazi la baharia. Glavu, viatu, hereni, mwisho taji dogo kwenye paji la uso. Yote haya hayafiki dakika moja, na katika dakika hiyo adui anasubiri kwa adabu ya ajabu. Wiki inayofuata tunaonyeshwa picha zile zile, mchoro kwa mchoro.

Sababu ya kurudiwa huko ilikuwa pesa. Osamu Tezuka, alipoanza kurusha Astro Boy tarehe 1 Januari 1963, alitunza michoro iliyokwisha kutumika ili itumike tena katika sehemu nyingine, kwa kuwa bajeti ya televisheni haikutosha kuchora upya kila wiki. Wengine wakamfuata. Mgeuko wa Usagi ni mtoto wa ubanifu huo. Lakini jambo lililoanza kwa kubana matumizi likawa ndilo linalongojwa. Mtoto anayetazama hasemi kwamba hii nimeshaiona. Anasimama na kunyoosha mikono.

Hapa wapo wanaosema kwamba kupenda kurudiwa ni jambo la kitoto. Anayeishi Karatu hawezi kulikubali hilo kirahisi. Wairaqw wa hapa wana slufay, dua ndefu ya kishairi ambayo mmoja anaitamka na waliokaa wanaitikia kila anapotua. Hakuna anayekuja kuisikiliza ili apate habari mpya. Inasemwa tena kwa sababu nguvu yake iko katika kusemwa. Kule juu Ngorongoro, wazee wa Kimaasai wanapobariki, umati hujibu naai, naai, hadi baraka iishe. Nadharia ya Milman Parry na Albert Lord ilituonyesha kwamba mtunzi wa masimulizi ya mdomo hujenga kwa vipande vilivyo tayari. Waitikiaji wa slufay wanatuonyesha upande wa pili, ule wa msikilizaji anayeijua njia yote na bado anaifuata kwa makini.

Hata hivyo, mlinganisho huo una mpaka wake, na ndipo hoja yangu inapoanzia. Arnold van Gennep, mwaka 1909, alieleza kwamba ibada za kuvuka rika humtoa mtu katika hali moja, humweka pembeni, kisha humwingiza katika hali mpya. Ibada hizo hufanyika mara moja. Kijana wa Kimaasai aliyetahiriwa akawa moran hawi tena layoni. Mgeuko wa Usagi una dalili zote za ibada kama hizo: mavazi, mapambo, maneno maalumu, kutengwa na mahali pa kawaida. Ila yeye hurudi. Adui akishindwa, vazi linaondoka na mtihani wa hisabati uko pale pale. Amevuka na kurudi mara nyingi kiasi kwamba neno kuvuka linapoteza maana yake. Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro katika katuni ya Akili and Me ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, ni ndugu yake wa mbali: akilala anaingia Lala Land, akiamka yuko nyumbani.

Sasa tumweke Usagi mbele ya sheria zetu. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na vikaipa mahakama uwezo wa kuruhusu hata akiwa na 14, umri ule ule wa Usagi. Rebeca Gyumi alivipinga mahakamani, Mahakama Kuu ikampa haki Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Kwa miaka mingi pia msichana aliyepata mimba aliondolewa shuleni na mlango ukafungwa nyuma yake. Ni Novemba 2021 tu ndipo serikali ilipotangaza kwamba aliyejifungua anaweza kurudi darasani. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha jinsi mabadiliko ya msichana wa miaka 14 yalivyopangwa kuwa ya njia moja. Wilaya ya jirani nayo ina njia zake za moja kwa moja: tangu Juni 2022 familia kadhaa za Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, na binti aliyepandishwa kwenye basi la kuhama hakuulizwa kama atarudi. Mbele ya maisha ya namna hii, hadithi ambayo msichana hugeuka kuwa mtu mwenye nguvu, akamaliza kazi, akarejea kuwa mwanafunzi, inasema jambo ambalo mazingira hayalisemi.

Kumiko Saito, katika makala yake ya mwaka 2014 kwenye Journal of Asian Studies, angenizuia hapa, na ana haki. Anaonyesha kwamba utanzu huu uliufunga uchawi ndani ya usichana: binti hupewa nguvu kwa muda, kisha huziacha anapokua, na mwisho wa hadithi humwelekeza kwenye ndoa na uzazi. Ukisoma sizoni kwa kuufuata mwisho wake, hoja hiyo ni ngumu kuivunja. Sailor Moon nayo inamwahidi Usagi mume na binti tangu sizoni ya pili, anapoletwa Chibiusa, binti huyo, kutoka wakati ujao.

Lakini hoja ya Saito inamhitaji mtazamaji anayeufikia mwisho akaukubali kuwa mwisho. Tuitazame sizoni ya kwanza kwa ukaribu. Katika sehemu ya 45, wenzake Usagi wanne wanakufa mmoja mmoja kwenye theluji, kila mmoja akimfungulia njia. Katika sehemu ya 46 anamshinda adui, na ombi lake la mwisho ni kuishi tena maisha ya kawaida. Ombi linapokelewa. Asubuhi inafika, wasichana wako hai, kila mmoja anakwenda zake, hawakumbuki lolote. Usagi amechelewa shule.

Anayetazama mara ya kwanza huona hapo hasara: urafiki wote umefutwa. Anayetazama kwa mara nyingine huona jambo tofauti, kwa kuwa yeye hakufutiwa. Anaitoa sehemu ya 46, anairudia ya kwanza, na asubuhi ile ile inaanza: Usagi amechelewa shule. Waandishi wenyewe waliifunga sizoni kwa kuifananisha na mwanzo wake, na anayerudia ndiye peke yake anayefaidi ufundi huo. Anapomwona Ami, mmoja wa wale wanne, akiingia katika sehemu ya 8, mpweke na vitabu vyake, anajua atakavyokufa na anajua pia kwamba atarudi. Kicheko cha vipindi vile vya mwanzo, ambavyo wengi huviruka wakiviona vya kujaza muda, kinapata uzito ambao hakikuwa nao. Ile dira ya kuelekea ndoa, ambayo Saito anaiona sawasawa, inakatizwa kila mara na mkono unaorudisha faili mwanzo. Sidai kwamba mtazamaji anapinga jambo lolote kwa makusudi. Nadai kwamba umbo analolipokea ni la duara, hata kama mwandishi alichora mstari.

Kwa nini Karatu hasa? Karatu inaijua Japani kwa magurudumu. Lami ya kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu hadi lango la Ngorongoro ilijengwa kwa msaada wa serikali ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na juu yake Land Cruiser za watalii hupita mchana kutwa. Katuni zilikuja kwa njia nyembamba zaidi. Animax, chaneli iliyorusha katuni hizo kupitia DStv kuanzia 2007 hadi 2010, ilikuwa ya wenye uwezo wa kulipia king'amuzi. Kibanda umiza, yaani ukumbi wa video wa mtaani, kilikuwepo, ila humo hutawala mpira na filamu za ngumi, stelingi ni mwanamume, na binti akionekana mle usiku habari zitamtangulia nyumbani. Njia iliyobaki ni faili: duka la vocha lenye kompyuta moja, folda zisizo na mpangilio, unalipa, unarushiwa.

Faili ina tabia zake. Bando linakwisha, kwa hiyo kilichomo kwenye simu ndicho kitakachotazamwa kesho na keshokutwa. Sauti ni ya Kiingereza au Kijapani, kwa hiyo wakikaa watatu kwenye simu moja, aliyekwisha kuiona anawasimulia wenzake na kuwatangulia hatua moja: “Huyu mwamini, huyu usimwamini, sasa hivi anageuka.” Ni kazi ile ile ambayo Derek Gaspar Mukandala, maarufu Lufufu, aliifanya Dar es Salaam kwa kanda za video alizoziwekea masimulizi ya Kiswahili. Watafiti wamemsifu Lufufu kwa ubunifu wake wa kutafsiri na kuongeza chumvi. Hawajasisitiza vya kutosha kwamba usimulizi wa namna hiyo hauwezekani bila kurudia. Ili umtangulie mtazamaji hatua moja, lazima uwe umeshapita. Binti anayewasimulia wadogo zake Sailor Moon huko Rhotia anatumia ujuzi huo huo, na heshima anayopewa pale kwenye mkeka inatokana na kurudia kwake.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulikwepa. Mgeuko ule ni wa hereni na vipodozi, na wenzake Usagi huanza kugeuka kwa kucha kupakwa rangi. Kampuni ya Bandai iliuza bruchi na fimbo za plastiki kwa mamilioni ya watoto, na sizoni kila moja ilileta bruchi mpya kwa sababu inayoeleweka. Mtafiti Anne Allison ameeleza vizuri uhusiano huo wa hadithi na vitu vya kuchezea. Nakubali. Naongeza tu kwamba katika maduka ya Karatu sijaiona bruchi hata moja. Hadithi ilifika bila bidhaa, na mtoto anayetaka kugeuka hujifunga kanga ya mama yake. Kilichobaki mikononi mwake ni ule mwendo wa kwenda na kurudi.

Suala linalonisumbua zaidi ni nakala. Toleo la Kiingereza lililotengenezwa na kampuni ya DiC mwaka 1995 liliziunganisha sehemu ya 45 na ya 46 kuwa moja na kuviondoa vifo: wasichana wanatekwa tu, kisha wanaachiwa. Toleo lisilokatwa lilianza kutolewa na kampuni ya Viz mwaka 2014. Kwenye folda za dukani matoleo haya yana jina moja. Kwa hiyo binti mmoja amerushiwa hadithi ambamo kurudi hakuna gharama, na jirani yake amerushiwa hadithi ambamo kurudi kunakuja baada ya maiti nne na kusahaulika kwa kila kitu. Wakikutana watabishana kama Makoto, mmoja wa wale wanne, alikufa au hakufa, na kila mmoja ana ushahidi kwenye simu yake. Mtafiti wa watazamaji hapa hana budi kuanzia kwenye ubishi huo na kuuliza kila mmoja faili yake ilitoka wapi, kabla hajaandika hata sentensi moja kuhusu walichojifunza.