Jini, Nipa na Waragi

Usimchanganye jini wa kuogofya na jini ya kunywa. Hii ya pili ina asili ya Uholanzi, katika pombe kali iliyotiwa harufu ya matunda ya mreteni. Ilipowalevya maskini wa London, Bunge likaibana kwa sheria ya mwaka 1751. Old Tom ni tamu kidogo. London Dry haina utamu.

Sasa tazama pwani ya Palma na Mocímboa da Praia. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, huchachushwa. Kisha hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, yakawa nipa. Njia ni ile ile ya London. Hata hivyo, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikataza kuingiza na kukeneka pombe kali katika sehemu za Afrika ambako haikuwa imeenea, au ambako dini iliizuia. Ulaya haikujiwekea katazo hilo.

Ajabu ni kwamba serikali huru nazo zilifuata mkondo huo. Uganda, kwa sheria ya 1965, enguli ya mpishi asiye na leseni ilikuwa kosa. Iliyosafishwa kiwandani ikauzwa kwa jina la Uganda Waragi, neno ambalo wengi husema limetokana na Kiingereza, kwa maana ya jini ya vita.