Akple na ademe: mahindi yalivyoingia jikoni kwa Waewe

Akple ni sima ya mahindi, mara nyingi ya unga uliochachushwa, na ndicho chakula kikuu cha Waewe wa kusini-mashariki mwa Ghana. Kusini mwa Togo huitwa akume. Kitoweo chake kinachopendwa sana ni ademe, mboga ileile ambayo Tanzania hujulikana kama mlenda na magharibi mwa Kenya kama mrenda.

Kati ya viwili hivi, mgeni ni mahindi. Yalitoka Amerika na kufika pwani ya Guinea katika karne ya 16, hasa kwa merikebu za Wareno. Mholanzi Pieter de Marees alipochapisha kitabu chake kuhusu Pwani ya Dhahabu, yaani pwani ya Ghana ya leo, mwaka 1602, wanawake wa huko walikuwa tayari wakiyasaga juu ya jiwe. Yalienea upesi kwa kuwa hukomaa haraka, na mvua za kusini huruhusu mavuno mawili kwa mwaka. Uenezi huo una upande mchungu usiostahili kufichwa: ngome za Wazungu ziliyanunua ili kulisha mateka waliopakiwa kwenye meli za watumwa.

Jikoni, mgeni huyo alipikwa kwa ujuzi wa wenyeji, waliokuwa wamezoea kuchachusha mtama na uwele. Punje hulowekwa siku moja au mbili, husagwa mbichi, kisha hukandwa donge linaloachwa siku mbili tatu. Bakteria huzalisha asidi, na asidi hiyo huleta uchachu na kuzuia vijidudu vinavyoozesha. Donge huvurugwa katika maji, pengine pamoja na muhogo uliosagwa, likasongwa motoni hadi liwe zito na laini. Kusonga ndiko kazi yenyewe. Sufuria hushikiliwa kwa nguvu, na mwiko haupumziki.

Ademe hukatwakatwa, ikachemshwa kwa magadi ili ilainike na kuvutika zaidi. Magadi hayo yana safari ndefu: kwa karne nyingi wafanyabiashara wa Kihausa waliyaleta kutoka pande za Ziwa Chad. Huongezwa bamia, pilipili, mawese, kaa na samaki waliokaushwa kwa moshi.

Samaki hao si pambo. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Accra, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa karibu mahindi matupu: miguu ilivimba, ngozi ikababuka, na wengi walikufa. Mwaka 1935 aliuandika kwa jina alilolipata kwa Waga, wenyeji wa Accra, ambalo Kiswahili kimelipokea kama kwashakoo. Mahindi yana protini kidogo, tena yenye upungufu wa lisini na triptofani. Samaki na kaa wa kwenye mchuzi huziba pengo hilo, nayo majani huongeza chuma na vitamini A.

Siku hizi mashine zimechukua nafasi ya jiwe, na donge lililokwisha kuchacha huuzwa sokoni, Accra hadi Lomé.