Boma la Tukuyu

Boma, kwa Mswahili, ni ua, ni ngome, hata zizi. Kwa Mjerumani likawa kiti cha amri. Kituo chake cha kwanza huko kilikuwa ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kikiitwa Langenburg. Homa za ziwani zikampandisha milimani mwanzoni mwa karne ya 20, akajenga Neu-Langenburg. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yakaingia kutoka Nyasaland. Jina la kigeni likafutika, Tukuyu likabaki. Boma halikufutika: Mwingereza alilitawalia, na serikali huru ikalirithi kwa ofisi.

Iringa wametangulia: boma lao, lililojengwa 1914 kuwa hospitali, lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Tukuyu nayo yastahili. Ila makumbusho yasiwe picha za watawala tu. Palipolipwa kodi pawekwe na jembe la aliyeitafuta, na simulizi zake kwa Kinyakyusa.

Sisi wa visiwani, tulioona sehemu ya Beit al-Ajaib, iliyokuwa makumbusho yetu, ikiporomoka Desemba 2020, twajua kuwa ukuta haungoji. Basi simulizi zikusanywe sasa, boma lingali wima.