Utafiti wa wanyama kusajiliwa kabla haujaanza: Mfugaji anafaidikaje?

Mfugaji wa Nyabusozi, wilayani Biharamulo, akinunua dawa ya ndigana kali anaamini jambo moja: ilijaribiwa kwa ng'ombe wengine, ikafanya kazi. Lakini kama ilijaribiwa mara tano ikafeli nne, angejuaje?

Hapo ndipo usajili wa mapema unapoingia.

Ni nini hasa?

Kabla ya kumgusa mnyama wa kwanza, mtafiti anaweka mpango wake kwenye rejista ya mtandaoni: swali lake, idadi ya wanyama, watagawanywaje kwenye makundi, nini kitapimwa na hesabu zipi zitatumika. Tarehe inabaki pale. Akibadilisha mpango katikati, inaonekana.

Kwa nini usumbuke?

Matokeo mazuri huchapishwa haraka, mabaya hubaki kabatini. Mtafiti mwingine anarudia jaribio lilelile, wanyama wanakufa bure na pesa inapotea.

Na hili si la mifugo tu, kwani hata chanjo za watoto huanzia kwa wanyama. Chanjo ya kifua kikuu MVA85A ilijaribiwa kwa watoto wachanga 2,797 Afrika Kusini. Mwaka 2013 ikatangazwa kuwa haikuongeza kinga ya maana juu ya ile ya BCG. Mwaka 2018 jarida la BMJ likahoji kama matokeo hafifu ya awali kwa kima yaliwekwa wazi vya kutosha. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Oxford, ilikotengenezwa chanjo hiyo, haukukuta kosa. Mpango uliosajiliwa ungerahisisha kumaliza ubishi kama huo.

Unasajili wapi?

Uholanzi ilifungua rejista mwaka 2018, Ujerumani ikafuata Januari 2019. Ya Ujerumani ni bure, na anayeogopa kuibiwa wazo anaweza kuuficha mpango wake kwa muda.

Kwa majaribio ya binadamu, majarida makubwa ya tiba yanadai usajili tangu 2005. Kwa wanyama, bado ni hiari sehemu nyingi.

Kumbuka

Usajili haugeuzi utafiti mbaya kuwa mzuri. Unachofanya ni kuacha alama ili wengine wakague.

Kwa hiyo ukiletewa dawa mpya zizini, muulize afisa mifugo: ilijaribiwa wapi, kwa ng'ombe wangapi, na majaribio yaliyofeli yameandikwa wapi?