Mabibi harusi waliong'olewa meno: jino bovu na habari yake na moyo



Kazi yangu ni kushona nguo za harusi, kwa hivyo mipango ya wari naisikia yote wakati wa kupima. Singo imeshapangwa, mpaka hina na piko anajulikana, nywele zina mtu wake. Meno hukumbukwa wiki ya mwisho, tena kwa ajili ya picha tu. Mwenye mwanya anajidai nao, mwenye jino linalouma anatafuna upande mmoja na kumeza panadol mpaka harusi ipite.

Leo nakupelekeni Uingereza kidogo. Huko, hasa sehemu za kaskazini na Scotland, ilikuwepo desturi iliyodumu mpaka katikati ya karne iliyopita. Msichana anayekaribia kuolewa aling'olewa meno yote, mazima na mabovu, akavishwa ya bandia. Baba ndiye aliyelipa, na ilihesabika kuwa ni zawadi ya harusi, maana mume ameondolewa gharama za meno ya mkewe maisha yote. Wengine walipewa zawadi hiyo walipotimiza miaka 21. Subhanallah, sisi tunapewa mkufu!

Umasikini ulikuwa sababu moja. Lakini ilikuwepo na hofu iliyotoka kwa madaktari wenyewe: kwamba jino bovu linatia sumu mwili mzima, moyo ukiwemo.

Mwanzo wake ulikuwa elimu ya kweli. Willoughby Miller alikuwa daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, wakati ule Robert Koch akiwaonyesha watu kwamba maradhi mengi yanaletwa na vijidudu. Miller akavitafuta vijidudu hivyo kinywani, na mwaka 1890 akatoa kitabu kizima juu yake. Alieleza kwamba vinakula sukari na wanga uliobaki kwenye meno, vinatoa asidi, na asidi ndiyo inayotoboa jino. Mwaka uliofuata akaandika kwamba kinywa kinaweza kuwa chimbuko la maradhi ya sehemu nyengine za mwili.

Kisha akaja William Hunter, daktari wa London. Oktoba 1910 alihutubia chuo kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, na akawashambulia madaktari wa meno bila huruma. Kilichomuudhi ni dhahabu. Matajiri wa wakati ule walivishwa vifuniko na madaraja ya dhahabu juu ya mizizi iliyooza na fizi zenye usaha, juu panang'aa na chini panatoka harufu. Hapa fundi cherehani yeyote atamuelewa. Kitambaa kikishaoza, ukikitia lesi ya bei unazidi kukificha tu. Na sisi watu wa pwani tunaijua fahari ya jino la dhahabu, bibi zetu walicheka nalo wazi wazi.

Hunter hakusema watu wang'olewe meno yote. Alitaka uchafu uondolewe. Waliomsikia ndio waliokwenda mbali. Chicago, Frank Billings alifundisha kwamba usaha mdogo uliojificha, kwenye jino au kwenye mafindofindo, unaweza kuleta baridi yabisi ya viungo, maradhi ya figo na ya moyo. Meno yakaanza kung'olewa kwa maelfu, hata yasiyouma, kwa kuwa eksirei imeonyesha kivuli. Aliyevuka mipaka kuliko wote ni Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, jimbo la New Jersey. Yeye aliamini hata wazimu unatoka kwenye meno. Aliwang'oa wagonjwa wake meno, na wasipopona akapasua matumbo na kukata utumbo mpana. Wengi walikufa kwa upasuaji huo. Na aliiamini nadharia yake kiasi cha kuwang'oa meno hata wanawe mwenyewe.

Nikisoma habari za Cotton namkumbuka al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki karibu na mwaka 1013, miaka 900 kabla ya mambo haya. Katika Kitab al-Tasrif, chenye sehemu 30, alichora vyombo vya kukwangulia ukoga kwenye meno na akaeleza namna ya kukwangua, kwa kuwa alijua ukoga ndio unaoharibu fizi. Kuhusu kung'oa, alionya tabibu asikimbilie, maana maumivu hudanganya. Mgonjwa anaweza kuonyesha jino zima, likang'olewa, na maumivu yakabaki pale pale. Kungekuwa na mtu wa kumsomea Cotton sehemu hiyo!

Nadharia ilianza kuanguka watu walipokaa chini na kuhesabu. Mwaka 1938 Russell Cecil na Murray Angevine walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 200 wa baridi yabisi, na hawakuona kwamba kung'oa meno na mafindofindo kumewaponya. Cecil mwenyewe alikuwa mmoja wa walioiunga mkono nadharia hiyo hapo nyuma, na kwa hilo nampa heshima yake. Lakini meno yaliyong'olewa hayarudi. Uingereza ilipoanzisha matibabu ya bure mwaka 1948, watu walimiminika kuchukua meno ya bandia, mpaka mwaka 1951 serikali ikayawekea malipo. Mwaka 1968, England na Wales zilipohesabiwa, watu wazima 37 katika kila 100 walikuwa hawana hata jino moja la kwao.

Sasa msije mkasema basi, jino na moyo havina uhusiano. Kipande kimoja cha nadharia ile kilikuwa kweli, na ndicho kinachotuhusu zaidi.

Ndani ya moyo mna milango, hizo wanazoita valvu, inayofunguka na kufunga ili damu isirudi nyuma. Mlango mzima ni laini na vijidudu havipati pa kushika. Mlango wenye kovu, au wa bandia, una mikwaruzo ambayo vijidudu vikipita na damu vinaganda hapo, vinazaana na kuutafuna. Maradhi hayo huitwa endokaditisi, na kabla ya penisilini karibu kila aliyeyapata alikufa. Mwaka 1935 Okell na Elliott, wa London, walichukua damu ya watu mara tu baada ya kung'olewa meno, na zaidi ya nusu yao walikutwa na vijidudu vya kinywani ndani ya damu. Kwa mwenye moyo mzima, mwili huvifagia kwa muda mfupi tu. Kwa mwenye kovu ni jambo jengine.

Penisilini ilipopatikana, chama cha moyo cha Marekani kilishauri mwaka 1955 kwamba wenye milango mibovu wapewe dawa kabla ya kung'olewa jino. Mwaka 2007 chama hicho kikapunguza orodha, wakabaki wale walio kwenye hatari kubwa zaidi, kama wenye valvu ya bandia au waliowahi kuugua endokaditisi. Walichozingatia ni kwamba vijidudu huingia kwenye damu hata mtu anapotafuna na kupiga mswaki, kila siku, hasa fizi zikiwa mbovu. Kwa hivyo kinywa safi mwaka mzima kinamlinda mtu kuliko kidonge cha siku moja. Wallahi hapo niliukumbuka mswaki wetu, namna Mtume, rehma na amani zimshukie, alivyouhimiza karibu na kila swala.

Kuhusu shambulio la moyo, lile la mishipa kuziba, habari ilifufuka Finland mwaka 1989. Kimmo Mattila na wenzake walichunguza vinywa vya wagonjwa 100 waliotoka kupata shambulio na watu 102 wasio na maradhi hayo, wakakuta vinywa vya wagonjwa vina hali mbaya zaidi. Mwaka 1993 Marekani ikatoa hesabu ya watu 9,760, na wenye ugonjwa wa fizi walikuwa na hatari ya maradhi ya moyo kwa asilimia 25 zaidi. Ni nyingi, lakini anayevuta sigara huharibu fizi na moyo kwa pamoja, na mwenye kisukari hali kadhalika. Jino limemuumiza moyo, au wote wawili wameumizwa na kitu kimoja? Mwaka 2012 chama cha moyo cha Marekani kilipitia tafiti zote na kusema uhusiano upo, ila haijathibitika kwamba ugonjwa wa fizi ndio unaosababisha, wala kwamba kutibu fizi kunazuia shambulio. Kwa hivyo ukisikia mtu anakwambia ng'oa uokoe moyo, anarudia ya mwaka 1912.

Kwetu kovu la milango ya moyo mara nyingi linatokana na homa ya rumatiki ya utotoni, inayofuatia maumivu ya koo yasiyotibiwa. Msichana anaweza kukua nalo, akaolewa, asijijue mpaka ashike mimba, kwa sababu mimba huongeza damu mwilini na moyo ulio na kovu ndipo unapolemewa. Pumzi inambana, miguu inavimba, na watu wanamwambia ndiyo mimba hiyo. Fizi nazo huvimba na kutoka damu kwa urahisi zaidi katika miezi hiyo hiyo.

Basi mwari aliyewahi kuambiwa utotoni kwamba moyo wake una mlio, au aliyekuwa akipigwa sindano za penisilini kila mwezi, akapimwe moyo kabla ya harusi. Na amtajie daktari wa meno habari hiyo kabla hajakaa kwenye kiti. Miongozo ya nchi inatofautiana kuhusu nani apewe dawa, kwa hivyo mwenye kuamua ni daktari wake wa moyo. Akipewa, huinywa dakika 30 mpaka 60 kabla ya kung'olewa. Jino lenyewe lishughulikiwe miezi kadhaa kabla ya siku ya hina, sio ile wiki ya mwisho ambayo hata mimi simu sipokei.