Deni la Uhuru: Pensheni za Wapiganaji wa Ireland

Mwaka 1924 Bunge la Ireland lilipitisha sheria ya kuwalipa pensheni watu waliopigania uhuru wa nchi hiyo. Kwa mtazamo wa haraka hilo lilikuwa jambo jepesi. Taifa changa, lililokuwa limetoka katika utawala wa Uingereza uliodumu kwa karne nyingi, lilikuwa linawashukuru wanawe. Lakini historia ya pensheni hizo inaonyesha wazi kwamba ni rahisi zaidi kwa taifa kuwasifu wapigania uhuru wake kuliko kukubaliana ni nani hasa waliokuwa wapigania uhuru.

Itakumbukwa kwamba Jumatatu ya Pasaka, tarehe 24 Aprili, 1916, wazalendo wa Ireland waliteka majengo makubwa ya mji wa Dublin na kutangaza Jamhuri. Waingereza waliwashinda katika muda wa wiki moja, na viongozi wao wakapigwa risasi. Hata hivyo moto haukuzimika. Tangu mwaka 1919 Jeshi la Jamhuri ya Ireland lilipigana vita vya kuvizia, mpaka mapigano yaliposimamishwa tarehe 11 Julai, 1921. Desemba mwaka huo ulitiwa sahihi Mkataba ulioipa Ireland serikali yake yenyewe, lakini chini ya Mfalme wa Uingereza, huku sehemu ya kaskazini ikibaki mikononi mwa Waingereza.

Mkataba huo uliwagawa wapiganaji. Waliokuwa wamelala katika handaki moja walielekezeana bunduki, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea kuanzia Juni 1922 hadi Mei 1923. Serikali mpya iliwaua kwa kuwapiga risasi wafungwa zaidi ya 70 wa upande uliokataa Mkataba. Ni katika hali hiyo ya uchungu ndipo lilipozuka suala la pensheni.

Sheria ya kwanza, ya mwaka 1923, iliwahusu majeruhi na jamaa za waliokufa. Ya pili, ile ya mwaka 1924, ilihusu utumishi wenyewe. Nayo haikutungwa kwa ajili ya shukrani peke yake. Jeshi lilikuwa linapunguzwa, na Machi mwaka huo baadhi ya maofisa walikuwa wameitishia serikali kwa uasi. Kwa hiyo pensheni ilikuwa pia dawa ya kutuliza manung'uniko ya askari waliorudishwa makwao. Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba mwombaji awe amelitumikia jeshi la serikali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Aliyepigana na Waingereza kwa ushujaa tangu 1916, kisha akaukataa Mkataba, hakupata kitu. Wakati huohuo polisi wa serikali ya kikoloni, ambao kikosi chao kilivunjwa mwaka 1922, walipewa pensheni zao na Uingereza. Hivyo aliyekuwa mlinzi wa ukoloni alikuwa na uhakika wa mkate wake, na aliyeupinga alibaki mikono mitupu.

Wanawake nao walikuta mlango umefungwa. Margaret Skinnider, mwalimu wa shule, alipigwa risasi tatu mjini Dublin mwaka 1916 alipokuwa akiwaongoza wenzake kwenda kuchoma nyumba ili kuwazuia maadui. Alipoomba malipo ya majeruhi mwaka 1925 alikataliwa, kwa hoja kwamba neno "askari" katika sheria ile lilikuwa na maana ya mwanamume. Risasi hazikumbagua, bali sheria ilimbagua.

Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1932, pale Eamon de Valera, aliyekuwa kiongozi wa wapinzani wa Mkataba, aliposhika madaraka. Sheria mpya ya mwaka 1934 iliwaingiza waliokuwa wameachwa, pamoja na wanawake wa jumuiya ya Cumann na mBan. Waliokubaliwa waligawanywa katika madaraja matano, kuanzia A hadi E. Wanawake waliwekwa katika madaraja mawili ya chini tu. Skinnider alipata pensheni yake mwaka 1938, miaka 22 baada ya kumwaga damu.

Lakini kupanuliwa kwa sheria hakukumaliza matatizo. Mwombaji alitakiwa kuthibitisha utumishi wa kivita. Je, vita vya siri huthibitishwa namna gani? Katika vita vile karatasi moja iliyokutwa mfukoni ilitosha kumpeleka mtu gerezani. Amri zilitolewa kwa mdomo, na mjumbe mzuri ni yule ambaye hakujulikana. Sasa, baada ya zaidi ya miaka kumi, mtu aliulizwa ni usiku gani alilinda njia, na nani alimwona. Makamanda wa zamani walikutana wilayani kuandika upya orodha za watu wao. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamehamia Marekani, na wengine walikuwa hawasemezani tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mama aliyewaficha na kuwalisha wapiganaji, huku nyumba yake ikiweza kuchomwa wakati wowote, alipata shida kubwa kuonyesha kwamba hiyo nayo ilikuwa vita. Hata Tom Barry, kamanda mashuhuri wa mapambano ya Kilmichael ya mwaka 1920, alipewa kwanza daraja B, akapinga kwa hasira mpaka alipopewa A.

Walioomba pensheni hizo walikuwa zaidi ya 80,000, na waliokubaliwa hawakufika robo yao. Wapo pia waliokataa kuomba, kwa kuwa hawakutaka kupokea fedha za dola wasiyoitambua. Kwa maelfu ya wengine, wengi wao maskini, barua ya kukataliwa haikuwa tu hasara ya fedha. Ilikuwa kama kuambiwa na nchi yao wenyewe kwamba hawakuwapo.

Tangu mwaka 2014 jeshi la Ireland limekuwa likiyafungua kwa umma majalada hayo, ambayo yanakaribia 300,000. Humo watafiti wamekuta maelezo ya wajumbe, wauguzi na wakulima, wakiwamo waliokataliwa, ambao majina yao hayakupata kuandikwa katika vitabu. Hivyo, karatasi zilizotumika kuwanyima watu haki sasa ndizo zinazoshuhudia kazi yao.

Hata hivyo ushahidi uliofika baada ya mtu kuzikwa haukumlisha alipokuwa hai. Hilo ndilo fundisho la pensheni za Ireland. Deni la uhuru hulipwa kwa wakati, na hulipwa bila kuuliza mtu alisimama upande gani baada ya ushindi.